Upara wa Mtume Paulo

Jumatatu, 10 Juni

Leo nimeonewa, na nina hakika kuna mpango nyuma yake.

Mwisho wa mwezi huu parokia yetu itafanya maigizo ya sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo. Mireille, mwalimu wa Kifaransa anayeongoza kikundi, ametangaza nani atacheza nini. Paulo atakuwa Donatien. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, hapa mtaa wa Muhungu, Bukavu. Mstaafu wa posta. Mimi nina kioski cha fotokopi Nyawera. Karatasi zilizopita mikononi mwangu ni nyingi kuliko zote za posta. Nani hapa anafanana na mtu wa kuandika nyaraka?

Nilimwuliza Mireille sababu, kwa upole, kama mtu asiyejali. Akanipeleka sakristia akanionyesha picha ya Paulo ukutani. Ndevu, upanga, na kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Akasema Donatien ana kichwa kile kile. Nikamkumbusha kwamba mimi pia ni kipara. Akaniangalia juu, akaniangalia pembeni, akasema mimi ni kipara katikati tu, pembeni bado nina shamba.

Kikundi kizima kikacheka. Donatien hakucheka. Hilo ndilo lililonishtua. Mtu akishinda halafu asicheke, ana kitu anaficha.

Mimi nimepewa askari wa Kirumi anayemlinda Paulo gerezani. Maneno yangu ni mawili: "Simama" na "Twende".

Shamba hili litavunwa. Mireille akiniona na kichwa kinachong'aa, atalazimika kufikiri upya. Wembe siuamini. Kinyozi Gentil simwamini kabisa, maana kila ninachosema kwake asubuhi ninakisikia sokoni mchana. Inabaki mashine ya umeme, ya kujinyolea mwenyewe nyumbani, bila shahidi.


Jumanne, 11 Juni

Nimeenda dukani kwa Kassim. Jamaa ni wa familia za Uvira, wale ambao babu zao walitoka pwani na misafara ya biashara. Kofia safi, sauti ya chini. Ameuza simu, redio na taa katika mji huu tangu nilipokuwa na nywele, na sijawahi kusikia mtu akimlalamikia. Jambo ambalo si la kawaida kwa mfanyabiashara. Nilikaa macho.

Aliweka aina kadhaa mezani. Ya kwanza bapa, ina wavu mwembamba kama chujio la chai. Ya pili ina visu vya mviringo vilivyopangwa kama ua, unaishika kwa kiganja. Ya tatu ni tondeuse, mashine kubwa ya kukatia nywele saluni. Nikanyoosha mkono kuchukua ile kubwa. Akaiondoa. Akasema ile ni ya vinyozi, inapunguza tu, haing'arishi. Kipara anahitaji ya visu vya mviringo, ifuate umbo la kichwa.

Mfanyabiashara anakataa kukuuzia kitu kikubwa anakuuzia kidogo. Nikauliza faida yake iko wapi. Hakuelewa swali, au alijifanya.

Kisha akaanza kunipa mashauri bila kuombwa. Nywele zikiwa ndefu, zipunguzwe kwanza. Mashine ichajiwe hadi taa igeuke kijani. Isikandamizwe. Izungushwe polepole, viduara vidogo vidogo, na mkono mwingine uvute ngozi. Ioshwe kila baada ya kazi. Na nisiogope siku za kwanza, ngozi inahitaji kuizoea.

Nikamwuliza kwa nini ananieleza yote hayo.

"Ili usirudie hapa kunigombeza, Papa," alisema.

Akanipa boksi la juu. Nikataka la chini kabisa, lililobonyea. Akasema yote ni sawa. Bila shaka angesema hivyo. Nimechukua la chini.


Alhamisi, 13 Juni

Nimetafakari mashauri ya Kassim. Mfanyabiashara anataka nini? Anataka urudi kununua. Kwa hiyo akisema usikandamize, maana yake ukikandamiza itanyoa vizuri mno. Akisema punguza kwanza, anataka ununue na tondeuse. Nimeamua kufanya kinyume.

Asubuhi, kabla ya kazi, niliingia katika chumba cha Adèle. Mke wangu ni mshonaji, na plagi nzuri ya nyumba hii iko kwake, kati ya cherehani na nguo za wateja. Umeme ulikuwepo lakini sikungoja taa ya kijani. Nilianza upande wa kushoto.

Mashine haikunyoa. Ilikamata nywele na kuzivuta kama mbuzi anavyovuta majani ya viazi. Nikakandamiza. Ikavuta zaidi, machozi yakanitoka, lakini upande wa kushoto ulianza kupungua. Nilipofika nyuma ya sikio, mashine ikaguna na kuzimika. Nikaichomeka tena. Umeme nao ukawa umekwenda.

Kwa hiyo kushoto nilikuwa Paulo, na kulia nilikuwa bado mimi, Cirhuza.

Nimeshinda na kofia kioskini. Jioni kwenye mazoezi Mireille akasema ndani ya ukumbi wa parokia wanaume hawavai kofia. Nikasema nina mafua ya kichwa. Akangoja. Nikaivua.

Sitaandika yaliyofuata.

Naandika tu kwamba Donatien alinifuata nje. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba nikitaka mtu wa kunimalizia, anamjua mmoja mwenye mkono mwepesi. Nikauliza ni nani. Akatazama chini. Akasema pole, akaenda zake, mikono ndani ya mifuko ya koti.

Mikono ndani ya mifuko. Hii siyo mara ya kwanza.


Ijumaa, 14 Juni

Umeme umerudi. Nimemaliza upande wa kulia kwa kukandamiza kwa nguvu zote. Nywele zimekwisha, lakini ngozi imeota vipele kuanzia paji hadi shingoni. Kichwa changu sasa kinafanana na ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

Adèle alinikalisha akanipaka maji ya aloe kutoka bustanini. Mikono yake ilikuwa baridi na ya taratibu.

"Papa Larissa," alisema, maana tangu tumpate binti yetu ananiita hivyo, hata sasa ambapo Larissa ameolewa Uvira, "kichwa haiko sufuria. Haukwanguake."

Nikamwuliza amejulia wapi namna ya kunyoa kichwa. Akasema hahitaji kujua kunyoa ili kuona kidonda. Jibu la haraka sana.


Jumapili, 16 Juni

Misa ya pili. Donatien alikaa mbele yangu. Nilimtazama kisogo kuanzia somo la kwanza hadi baraka.

Hakuna kipele. Hakuna mkwaruzo, ila kovu dogo la zamani nyuma ya sikio. Hakuna kivuli cha nywele zinazoanza. Dirisha la rangi nyekundu lilikuwa limelala lote juu ya utosi wake. Mtu wa umri ule, mjane, anakaa peke yake, binti yake Ornella yuko Goma. Nani anamfanyia kazi safi namna hii?

Baada ya misa nilipita kwa Gentil. Nikajifanya nataka tu kumsalimu, nikaingiza swali katikati. Gentil akasema Donatien hajawahi kukaa kwenye kiti chake tangu mke wake afe. Naye anashangaa. Akaniuliza ni nani amenifanyia hivi kichwani, ampige au amsamehe.

Nikaondoka. Kichwa kile kina mtu. Nitampata.


Jumatano, 19 Juni

Leo mambo yamegeuka, na ningependa yasingegeuka.

Vipele vimepungua, nikachukua mashine nipitishe kidogo. Nikaifungua ile sehemu ya visu. Ndani kulikuwa na vumbi. Vumbi la nywele. Jeupe kama unga wa muhogo.

Nywele zangu ni nyeusi. Zinasaidiwa kidogo na dawa, lakini ni nyeusi.

Nilielewa mara moja: Kassim ameniuzia mashine iliyotumika. Ndiyo maana boksi lilikuwa limebonyea. Nikateremka hadi dukani, nikaiweka mezani mbele ya wateja, nikadai maelezo. Kassim hakukasirika. Alichukua kiburashi, akafagia kidogo kwenye karatasi, akaisogeza kwenye mwanga.

"Papa, hii vumbi iko mupya," alisema. "Ya leo ao ya jana. Ya zamani ingelikuwa imeshikana na mafuta. Na iko ya muzee."

Nikainama juu ya karatasi.

"Na uangalie visu. Bameosha muzuri, bamekausha. Ule mwenye anaitumia, anaijua kuliko weye." Kisha akaona uso wangu, akafunga mashine polepole, akanirudishia kwa mikono miwili kama unavyomrudishia mtu kitu cha msiba.

Mashine inakaa chumbani kwa Adèle. Mchana mimi niko kioskini. Mchana Adèle yuko peke yake.

Nimepanda Muhungu kwa mguu. Vumbi la kiangazi, pikipiki zinapita, sikusikia kitu. Nilikuwa nakumbuka. Wiki hizi Adèle anaimba akishona. Sukari inakwisha haraka. Juzi nilikuta vikombe viwili vimeoshwa, vimeinamishwa kando ya ndoo. Nilifikiri ni mteja. Mteja gani wa magauni ana nywele nyeupe za kunyoa?

Chakula kilikuwa ugali na sambaza, dagaa wa ziwani. Nilisema nina tumbo. Adèle akaniwekea sehemu yangu chini ya sahani. Nilimtazama akifunika. Huyu ndiye aliyekuja nyumbani kwangu na cherehani moja na nguo za kuazima, akacheka dari ilipovuja siku ya kwanza.


Alhamisi, 20 Juni

Naandika pole pole kwa sababu nataka niandike vizuri.

Asubuhi nilimwambia Adèle ninakwenda Kavumu kumwona mtu wa karatasi, nitarudi jioni. Nikabeba begi. Nilitoka kwa mlango wa mbele, nikashuka hadi barabarani ili majirani wanione, nikazunguka kwa kijia cha bondeni, nikapanda tena kupitia migomba. Adèle alikuwa ameenda bombani. Niliingia chumbani kwake na kujificha nyuma ya kamba ya nguo za wateja, kati ya gauni la arusi na kanzu za kwaya. Gauni lilikuwa linawasha. Nilivumilia.

Adèle akarudi. Akashona. Akaimba. Baadaye mlango ukagongwa kidogo sana, na mtu akaingia. Hatua za mwanaume. Kiti kikavutwa. Kisha nikasikia mashine yangu ikianza kuunguruma, taratibu, bila kukwama hata mara moja. Kwangu haijawahi kuunguruma hivyo.

"Kichwa chini kidogo, Papa," Adèle alisema.

"Nakusumbua, Maman."

"Haunisumbue. Tulia tu."

"Kutulia ndiyo kitu nimesahau."

Niliijua sauti. Nikatoka. Nilikuwa nimepanga kutoka kwa heshima, lakini shela ya arusi ilinasa kwenye kifungo changu, na nikatoka nayo mabegani, pamoja na kanzu kadhaa za kwaya na kamba yenyewe.

Donatien alikuwa kwenye kiti, taulo shingoni, nusu ya kichwa ina unga mweupe wa nywele. Adèle alikuwa amesimama nyuma yake, kiganja kimoja kimeshika paji lake kama unavyoshika la mtoto mwenye homa. Hakuruka. Hakupiga kelele. Alizima mashine.

"Kavumu iko karibu siku hizi," alisema.

Donatien alitaka kusimama. Taulo ikaanguka. Alijaribu kuiokota na ndipo nikaiona mikono yake. Nje ya mifuko, kwa mara ya kwanza tangu muda mrefu. Ilikuwa inatikisika kama mfuniko wa sufuria juu ya maji yanayochemka. Vidole vilifika kwenye taulo, vikaipita, vikairudia, vikaipita tena. Adèle akaiokota, akaiweka mahali pake, na nikaelewa kwamba ameshaiokota mara nyingi.

"Kaa, Papa Donatien," alisema. "Nusu kichwa tumeshaona moja katika hii parokia. Inatosha."

Tukakaa wote. Mimi juu ya boksi la nyuzi, na shela yangu.

"Mama Ornella alikuwa ananinyolaka kila Jumamosi, siku ya posho," Donatien alisema. "Wembe na maji ya moto. Kisha kufa kwake nilijaribu miye peke yangu." Akainamisha kichwa kunionyesha lile kovu. "Damu ilifika kwenye kitanda. Daktari anasema ni ugonjwa ya mishipa. Haitapona. Inatembea tu mbele. Tangu pale Maman Adèle ndiye ananinyolaka, kwanza na wembe, sasa na mashine yako."

"Kwa nini usiende kwa Gentil?" niliuliza.

"Kwa Gentil batu bote bataona. Kesho yake batasema Paulo hawezi tena kushika hata kikombe. Batanitosha kwenye maigizo, na batanitosha kwa huruma." Alitazama mikono yake kama vitu vya mtu mwingine. "Mwaka kesho labda kusimama nitashindwa. Nilitaka mara moja batu baniangalie na basahau kunihurumia. Mara moja tu, Cirhuza."

Nikamgeukia Adèle. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Kwa sababu nakujua," alisema, akawasha mashine.

Nilimwahidi Donatien kwamba sitasema kwa mtu. Nilimpa mkono. Mkono wake uliendelea na kazi yake ndani ya wangu, haukuweza kuacha, na nikaushika mpaka nikaona aibu. Jioni nilikula sambaza zote, na za jana.


Ijumaa, 21 Juni

Nimefikiri tena.

Ahadi ni ahadi. Lakini kikundi kina haki zake. Paulo anatakiwa kushika waraka mbele ya parokia nzima. Itakuwaje ukianguka? Aibu itakuwa ya nani? Ya Donatien mwenyewe. Anayempenda Donatien angemwokoa. Tena mimi niliahidi kutosema. Sikuahidi kutouliza.


Jumamosi, 22 Juni

Nilimkuta Mireille nyumbani kwake akisahihisha kazi za wanafunzi. Nikazungumza juu ya hali ya hewa. Kisha nikauliza, kama mtu anayependa historia, kama Mtakatifu Paulo alikuwa na afya nzuri. Hasa ya viungo vya juu.

Mireille aliweka kalamu chini.

"Papa Cirhuza. Kama umekuja juu ya mikono ya Papa Donatien, ninajua tangu Pasaka. Nilimuona akishindwa kuwasha mushumaa."

Nikasema sikuja juu ya mikono.

"Ndiyo maana mwanzo mpaka mwisho Paulo wangu anafungwa minyororo. Mikono iko imefungwa, hakuna mutu atajua nini inatikisika, mutu ao munyororo. Na askari ndiye anashika upande ingine. Nilitafuta mutu ambaye akishakamata kitu haachiliake." Akachukua tena kalamu. "Nilifikiri nilimupata."

Nimeligeuza neno hilo njia nzima ya kurudi. Sijui kama lilikuwa sifa.

Kabla sijatoka alinipa vazi langu. Rungu, ngao, na kofia ya chuma iliyotengenezwa kwa bati la mafuta, inayofunika kichwa chote mpaka nyusi. Nikauliza kama askari hawezi kuwa kichwa wazi. Akasema Warumi walikuwa na nidhamu.

Yale maumivu yote. Vile vipele. Kumbe nilikuwa naandaa kichwa kwa ajili ya bati.


Jumatatu, 24 Juni

Adèle anajua nilikwenda kwa Mireille. Hakuna aliyemwambia. Aliniambia tu, akikunja kitambaa, kwamba kama nina kitu cha kusema juu ya Papa Donatien, nimwambie Papa Donatien mwenyewe. Kisha akasema kesho nije mapema kutoka kioskini, na mimi nikae kwenye kiti.


Jumanne, 25 Juni

Nimekaa kwenye kiti.

Donatien alitangulia. Mimi nilisubiri kwenye boksi la nyuzi nikimsikiliza maneno yake, maana lazima niyajue ili nijue lini niseme "Twende". Anayajua yote. Akiyasema, sauti yake haitikisiki hata kidogo.

Zamu yangu ilipofika, Adèle alipunguza kwanza kwa mkasi zile zilizoota. Akavuta ngozi kwa kidole gumba. Viduara vidogo vidogo, bila kukandamiza, kama mtu anayefuta kioo cha saa. Neno kwa neno mashauri ya Kassim. Sikusikia maumivu yoyote. Nilikaribia kusinzia.

Donatien akanishukuru kwa kutunza siri yake. Adèle akakohoa. Nikasema si kitu.

Baadaye nilijitazama kwenye kioo cha wateja. Kichwa kinang'aa. Nimekaa hapo muda mzuri. Lakini lazima niandike nilichokiona: kichwa cha Donatien Adèle alikipitia mara ya pili, kwa taulo ya moto. Changu hapana.


Jumamosi, 29 Juni

Sikukuu. Uwanja wa parokia ulijaa mpaka kwenye ngazi, na wengine wakakaa juu ya ukuta. Adèle mstari wa mbele. Ornella alishuka kutoka Goma kwa mashua, akakaa pembeni yake.

Nilisema "Simama" vizuri. Watu wawili waliniambia baadaye walisikia mpaka langoni.

Donatien alisimama na minyororo yake, na uwanja ukatulia. Sijui alichofanya. Hakufanya kitu. Alisema tu maneno ya mtu anayejua anakwenda kufa na ana barua ya kumaliza. Jua lilikuwa kwenye utosi wake. Hata mimi, ninayemjua, nilianza kumheshimu.

Halafu ukaja waraka. Alitakiwa kuuchukua kwa mikono miwili na kuaga. Alipoushika, mikono ikaanza. Siyo kidogo, kama mchana ule. Mnyororo wote ukaanza kulia. Mireille alikuwa amekosea jambo moja tu: mnyororo ukitikisika hauachi kusikika. Mstari wa mbele wakainua macho. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo. Nikamwona Ornella akijishika shavu. Waraka ulikuwa unateleza.

Nilitakiwa kusema "Twende" na kumaliza mambo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ningesema, angetoka, na watu wangekumbuka mikono tu.

Nikauzungusha mnyororo kwenye ngumi yangu. Mara moja, mara mbili, mpaka mikono yake, na waraka ndani, ikafika kifuani kwangu, kwenye ngao, nami nikaifunika kwa mkono wangu. Nikakaza. Nikahisi ule mtikisiko wote ukiingia kwangu mpaka kwenye magoti. Kwa watu ilionekana askari mkatili anamkaba mfungwa. Donatien aliniangalia. Hakuna mtu aliyewahi kuniangalia hivyo kwa karibu, hata Adèle. Kisha akaaga parokia nzima akiwa ananiangalia mimi, neno kwa neno, mpaka la mwisho, na nyuma yangu nikasikia watu wakivuta makamasi.

Nilisahau maneno yangu. Kabisa.

"Sema 'Twende'," Donatien akaninong'oneza.

"Twende," nikasema.

Lakini kofia ya bati ilikuwa imeteremka mpaka puani. Sikuona kitu. Nikaenda kwa nguvu upande wa kwaya, nikakanyaga ngoma, nikamwangukia mpiga kinanda. Mfungwa ndiye aliyenivuta kwa mnyororo na kunirudisha njiani. Paulo akatoka jukwaani akimwongoza askari wake kama kipofu. Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Wengi wanafikiri ilipangwa, kwamba ndiyo maana yake.

Nyuma ya pazia Donatien aliniegemeza kichwa begani, kile kichwa, na tukakaa hivyo. Kofia ikaanguka yenyewe.


Jumapili, 30 Juni

Baada ya misa Donatien aliitoa mikono mfukoni mbele ya kikundi chote na akaeleza mwenyewe ugonjwa wake. Akasema anawaambia leo kwa sababu jana ameshacheza. Hakuna aliyemhurumia. Walimgombania kumbebea begi, basi. Ornella amesema atabaki Bukavu kwa muda.

Nami nimepongezwa. Adèle alinishika mkono kutoka kanisani hadi nyumbani, juu ya mlima wote, mbele ya watu. Nilimpa Donatien mashine iwe yake moja kwa moja, na Adèle akasema mimi ni mtu mwema.

Sikumweleza sababu. Baada ya misa Mireille alitangaza maigizo ya Krismasi yatafuatwa na mengine makubwa mwakani: Samsoni.


Jumanne, 2 Julai

Samsoni. Wenye vichwa katika Biblia ni wengi, na Mireille akamchagua mwenye nywele. Wiki ile ile ambayo mimi nimenyoa. Watu watasema ni bahati mbaya. Mimi sisemi.

Lakini mwakani ni mbali, na nywele zinaota. Nimekwenda soko la Kadutu kutafuta mafuta ya kuzisaidia. Kwa Kassim sikwenda, maana angenieleza. Nikampata mtu mmoja nyuma ya wauza viatu, chupa zake zimepangwa juu ya gunia. Hakunisalimu. Nikamwuliza yanatumikaje, akasema kama sitaki niondoke. Nikaomba kunusa, akakataa. Hakutabasamu hata mara moja. Nimefurahi sana. Hatimaye mtu asiye na mpango wa kunivuta.

Nimepaka nusu chupa. Tangu mchana kichwa kinawaka moto, ishara kwamba mizizi imeamka.

Adèle amekuja, amenusa kifuniko, amesema hayo ni mafuta ya breki ya gari, nikaoshe sasa hivi na sabuni. Akarudi kushona.

Sijaosha. Ninafikiri. Mke wa mtu wa fotokopi anajuaje harufu ya mafuta ya breki? Katika mambo haya kuna dereva. Kesho ninaanza na madereva wa Nyawera, mmoja baada ya mwingine.